Nani Amelaani Matope ya Tshangalele?

Anayetafuta Ziwa Tshangalele kwenye ramani zilizochorwa kabla ya mwaka 1930 atapoteza muda wake. Halikuwapo. Palikuwa na mto Lufira tu, ukijikunja katika uwanda mpana mashariki ya Likasi, mji ambao Wabelgiji waliuita Jadotville, hadi ulipofika kwenye maporomoko ya Mwadingusha. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilitaka umeme wa kuendeshea viwanda vyake vya shaba. Ikajenga bwawa pale maporomokoni, na maji yaliyozuiliwa yakatandaa juu ya uwanda. Ufukwe unaolimwa leo upande wa Kapolowe, basi, si ule ulioachwa na Muumba siku ya sita. Ulitengenezwa siku ya saba, Mwenyezi akiwa amepumzika na wahandisi wakiwa kazini.

Ni udongo mzuri. Hilo lazima lisemwe mapema, maana bila hilo swali lenyewe halina uzito.

Mtu akitoka nyanda za juu za Katanga, ambako udongo ni mwekundu, mkali kwa asidi na umechoshwa na mvua za Novemba hadi Aprili, anaona tofauti kabla hata ya kuinama. Kule juu chuma na alumini vimeishika fosforasi isiifikie mimea, na jua la kiangazi likizidi, udongo unapukutika vidoleni kama mchanga ingawa ndani yake umejaa mfinyanzi. Huku chini ziwani matope ni ya kijivu yanayoelekea weusi. Ukiyaminya yanashikamana, yanaacha alama za vidole, yanateleza. Yamebeba mabaki ya matete na majani yaliyooza miaka na miaka. Ziwa lenyewe halina kina kirefu, wastani wake haufiki mita tatu, kwa hiyo maji yakishuka kidogo tu nchi inajitokeza mbali. Wakati mashamba ya juu yamegeuka vumbi, matuta ya ufukweni bado yana unyevu wa kulea lengalenga (mchicha), matembele, kabichi na mahindi machanga. Kwa familia inayokula bukari, ugali wa huku, kila siku, kitoweo cha kiangazi kinatoka hapo.

Lakini mito iliyoleta matope hayo haikuleta matope peke yake. Panda na Buluo inapita Likasi, na Likasi ni mji uliojengwa kwa ajili ya kuyeyusha mawe. Kiwanda cha Shituru kilianza kazi mwaka 1929, kikitumia asidi ya salfa kutoa shaba kwenye mawe, baadaye na kobalti. Gécamines, kampuni ya Serikali, ilikirithi kutoka kwa Union Minière. Maji machafu ya viwanda, lundo za mabaki zilizooshwa na mvua, vumbi la tanuru: vyote vina mteremko mmoja, na mwisho wa mteremko huo ni ziwa. Pamoja na shaba na kobalti vimekuja zinki, risasi, kadimiamu na urani. Shinkolobwe, mgodi uliotoa urani ya bomu la Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia, hauko mbali na mji huu.

Hapa ndipo sifa za udongo zinapoanza kumsumbua mtu wa fikra. Chembe za mfinyanzi na za mboji zina chaji hasi, na madini yaliyoyeyuka majini yana chaji chanya. Yanakutana, yanashikana. Ndiyo njia ileile ambayo udongo huhifadhi potasiamu na kalisi kwa ajili ya mmea. Bila nguvu hiyo mvua moja ingeosha chakula chote cha shamba. Kwa maneno mengine, kinachoufanya udongo wa Tshangalele uwe hodari wa kulisha ndicho kinachoufanya uwe hodari wa kukusanya sumu. Mchanga mtupu usingeshika hivyo. Wema wa udongo huu ndio uliotumika dhidi yake.

Na madini hayaozi. Takataka za jikoni zinaoza, kinyesi kinaoza, hata maiti inarudi kuwa rutuba. Kobalti iliyotua mwaka 1950 ni kobalti leo.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, wakiongozwa na Célestin Banza Lubaba Nkulu, walichapisha matokeo ya kupima mkojo wa watu zaidi ya 300 wa kusini mwa Katanga. Waliokaa karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti kwa kiasi ambacho ni nadra sana kuonekana kwa watu wa kawaida, wasio wafanyakazi wa kiwandani, na watoto walizidi watu wazima. Utafiti uliofuata mwaka 2014 ukauliza inapitia wapi. Kwa watu wazima, njia kubwa ilikuwa chakula chenyewe. Kwa watoto, vumbi lilichangia sana, maana mtoto anacheza chini na mkono wake haukai mbali na mdomo. Samaki wa Tshangalele nao wamepimwa zaidi ya mara moja, na madini yamekutwa miilini mwao. Ufukwe wote haulingani: karibu na midomo ya mito itokayo Likasi hali ni nzito, ng'ambo ya ziwa ni nyepesi. Jicho halitofautishi. Majani ya lengalenga ni ya kijani kotekote.

Basi swali. Mama anayelima pale, akafunga mafungu ya mboga alfajiri na kuyapeleka soko la Likasi, je, anatenda dhambi? Kama si yeye, ni nani? Na kama kila aliyehusika alifanya kidogo tu, wengine wakiwa wamekufa kitambo, dhambi hiyo inakaa wapi?

Jibu la haraka, ambalo katika nchi yenye makanisa mengi halikosi msemaji, linatoka kitabu cha Mwanzo: Adamu alikosa, ardhi ikalaaniwa kwa ajili yake, na tangu hapo mkulima anapata miiba kwa jasho. Likitumiwa Tshangalele, jibu hilo ni la uonevu. Linamtwika aliyeshika jembe mzigo wa aliyefungua bomba. Katika habari ya Adamu aliyekosa na aliyelima ni mtu mmoja. Ndiyo maana adhabu ile ina mantiki. Kapolowe ni watu wawili, na mmoja wao hajawahi kukanyaga matope.

Kuna mlango mwingine wa Biblia, Walawi sura ya 25, ambapo ardhi ni mali ya Mungu, binadamu ni mpangaji, na kila mwaka wa saba shamba lipumzishwe. Wakulima wa Katanga wameijua hekima hiyo bila kusoma Walawi: shamba likichoka linaachwa, miti ya miombo inarudi, na baada ya miaka linafyekwa upya. Pumziko huponya udongo uliochoka. Udongo wenye kobalti haukuchoka, ukipumzishwa miaka saba au sabini madini yake yatabaki palepale. Mafundisho ya kale juu ya ardhi, ya kanisani na ya ukoo pia, yalitungwa kwa dunia ambamo kosa la mtu shambani lingeweza kufutwa na muda. Hayakuandaliwa kwa kosa la aina hii, na si haki kuyadai yalijibu bila kuyaongezea kitu.

Ni rahisi pia kuyageukia madini na kuyaita ya shetani. Augustino wa Hippo, askofu wa Afrika Kaskazini aliyebishana kwa miaka na Wamani, waliouona ulimwengu wa vitu kuwa mwovu, alishikilia kwamba hakuna kilichoumbwa ambacho ni kiovu kwa asili yake. Uovu ni upungufu wa wema, ni kitu kukosa utaratibu wake. Msomaji Mwislamu ataikumbuka mizani inayotajwa mwanzoni mwa Surat Ar-Rahman, na onyo la kutoipita. Sayansi ya udongo inakubaliana nao kwa namna ya kushangaza. Shaba kidogo ni chakula cha mmea. Kobalti imo ndani ya vitamini B12, ambayo bila hiyo damu ya mtu haitengenezeki vizuri. Kinachoua ni kipimo.

Na Katanga ina ushahidi wake wenyewe wa jambo hili, tena wa kale kuliko kampuni yoyote. Katikati ya misitu ya miombo kuna vilima vitupu, visivyoota miti, kwa sababu shaba imefika juu ya ardhi. Juu yake huota mimea midogo ambayo mingine haipatikani mahali pengine popote duniani. Mmoja, unaoitwa na wataalamu Haumaniastrum robertii, umewahi kupimwa na kukutwa na kobalti karibu asilimia moja ya uzito wake mkavu, kiasi ambacho kingeua karibu mmea wowote mwingine. Vilima hivyo ndivyo vilivyowaonyesha mafundi wa zamani pa kuchimba. Uumbaji, kama mtu anapenda neno hilo, uliweka sumu na uhai mahali pamoja, na ukaviwekea mpaka.

Mafundi wale, wa Basanga na baadaye wa Bayeke wa mfalme Msiri, nao walikuwa na mpaka. Waliyeyusha shaba wakati wa kiangazi, mtama ukiwa umeshavunwa, kwa ibada za kuwaomba wahenga, wakamwaga misalaba ya shaba iliyosafiri mbali kama fedha. Mvua zikirudi, tanuru ziliachwa na watu wakarudi mashambani. Si kwamba walikuwa watakatifu. Tanuru zao pia ziliacha madoa yenye shaba ambayo wataalamu wa mimea wanayatambua hadi leo kwa maua yanayoota juu yake. Lakini mgodi uliisubiri kalenda ya jembe. Kuanzia karne ya 20 jembe ndilo lililosubiri.

Ajabu ni kwamba falsafa iliyoipa Katanga jina duniani ilizaliwa wakati huohuo na karibu na moshi huohuo. Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, alikitoa kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1945. Alidai kwamba kwa Mbantu kuwa ni nguvu: kila kilichopo ni nguvu, na nguvu zote zimepangwa ngazi kwa ngazi, Mungu juu, kisha wahenga, kisha walio hai, wanyama, mimea, na chini kabisa madini. Kwa Tempels, kilicho chini hakiwezi kukidhuru kilicho juu kwa nguvu zake chenyewe.

Tshangalele inaipindua ngazi hiyo. Jiwe limepanda kutoka chini: limeingia kwenye jani, jani kwenye sufuria, sufuria kwenye mwili wa mtoto. Aliyekuwa wa mwisho kwenye ngazi anaamua afya ya waliomzidi cheo. Hata hivyo Tempels alikuwa na jambo moja sahihi ambalo wakosoaji wake waliliruka: aliona kwamba katika fikra alizozisikia hakuna kitu kinachoguswa peke yake, ukitikisa nguvu moja nyingine zote zinatikisika. Hakuligeuza wazo hilo kuelekea Shituru. Aimé Césaire wa Martinique alimcheka kwa ukali mwaka 1950: makampuni yanachukua ardhi na mali, na Wakongo wanapewa heshima ya kuwa na falsafa. Shutuma hiyo ingeweza kuandikwa kwa matope.

Vilevile si bahati tu kwamba aliyeichambua kazi ya Tempels kwa kina kuliko wengi alikuwa mtoto wa Likasi. V. Y. Mudimbe alizaliwa huko mwaka 1941, akawa mnovisi wa Wabenedikto nchini Rwanda kabla ya kuiacha njia hiyo, na mwaka 1988 akatoa kitabu kinachoonyesha jinsi Afrika ya vitabuni ilivyobuniwa na waliokuja kuitawala. Wabenedikto ndio pia waliofungua misheni ya Kapolowe, kando ya ziwa. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto inamtaka mtunza ghala avitazame vifaa vya kazi kwa heshima ileile ya vyombo vya altare. Jembe, basi, lina utakatifu fulani. Udongo ambao jembe linaingia, je?

Jibu zuri kuliko yote huenda lilisemwa kwa Kiswahili, tena na wachimbaji. Tempels huyohuyo, baada ya kitabu, alikuwa padri kwa wafanyakazi wa Union Minière huko Kolwezi, na katika miaka ya 1950 mafundisho yake yakazaa harakati zilizoitwa Jamaa. Wanaume wa migodini na wake zao walikaa pamoja usiku wakijadili mambo matatu: uzima, uzazi, mapendo. Waliyatumia kwa ndoa na kwa roho ya mtu. Lakini mtu hawezi kuuzungumzia uzima na uzazi huku akiufunga mlango usiku ili udongo usiingie. Udongo ndio unaozaa kabla ya mama kuzaa. Wajawazito wa Katanga, kama wa Tanzania na kwingineko, hununua sokoni vipande vya udongo wa kula. Kwao uhusiano huo hauhitaji mafumbo.

Sheria, kwa upande wake, imegawa kile ambacho mkulima anakiona kimoja. Sheria ya ardhi ya Kongo ya mwaka 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali ambayo umiliki wake hauwezi kuhamishwa. Kanuni za madini zinatenganisha haki ya juu ya ardhi na haki ya kilichomo chini yake. Shamba na mgodi vinaweza kuwa na wenyewe tofauti mahali palepale, kana kwamba kuna sakafu kati yao. Mvua haiitambui sakafu hiyo.

Lakini sheria hiyohiyo imefika mahali ambapo mahubiri mengi hayajafika. Kanuni ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018, kifungu cha 285 bis, inamtaka mwenye haki ya kuchimba alipe madhara ya kazi yake kwa watu, mali na mazingira, hata kama hakukosea wala hakuzembea. Wanasheria wanaliona ni jambo la ufundi. Kwa mwanafalsafa ni mapinduzi. Linasema wajibu wa kutengeneza haungoji mkosaji apatikane. Ndani ya fikra ya dhambi, hatua ya kwanza ni kumtafuta mwenye hatia. Asipopatikana, au akiwa amezikwa Brussels, kesi inafungwa na matope yanabaki. Ndani ya fikra hii ya pili, swali la kwanza ni nani ananufaika na nani ana uwezo. Hatia inaweza kusubiri kwa wanahistoria.

Kuutengeneza udongo wa namna hii si ndoto. Huko Toyama, Japani, kadimiamu ya mgodi wa Kamioka iliingia mto Jinzu, ikamwagiliwa kwenye mashamba ya mpunga, na wanawake wakaanza kuvunjika mifupa kwa maumivu yaliyoupa ugonjwa huo jina la Itai-itai. Mwaka 1968 serikali ilikiri chanzo chake. Wakulima walishinda mahakamani, kampuni ikabanwa, na kazi ya kuufukia au kuuondoa udongo mchafu na kuweka mwingine juu ya hekta zaidi ya 800 ilikamilika mwaka 2012. Ilichukua zaidi ya miaka 30 na fedha ambazo Haut-Katanga haijaziona zikitumika kwa ajili ya matuta ya mboga. Inathibitisha tu kwamba neno "haiwezekani" hapa maana yake ni "ghali".

Na mama wa soko? Wajibu unakua na ujuzi na uwezo, kwa hiyo wake si sifuri, ila ni mdogo kuliko wote waliotajwa hapa. Anaweza kuosha majani kwa maji safi ili vumbi litoke, ingawa kilichopanda kupitia mizizi hakiosheki. Anaweza, karibu na midomo ya mito, kuacha mboga za majani, ambazo hukusanya madini kuliko punje za nafaka, na kupanda mahindi. Anaweza kuchimba udongo wa kichuguu: vichuguu vikubwa vya Katanga vina kalisi zaidi na asidi kidogo kuliko ardhi inayovizunguka, na wakulima wa huku wamekuwa wakivitawanya mashambani kama mbolea. Asidi ikipungua, madini yanashikwa kwa nguvu zaidi na udongo na mizizi inayapata kwa shida. Mboji ya samadi inafanya kazi kama hiyo kwa shaba. Watafiti wa kilimo wa Lubumbashi walitumia chokaa na mboji kwenye ardhi tupu iliyounguzwa na moshi wa kiwanda karibu na mji wao, na nyasi za vilima vya shaba zikaota tena.

Chokaa yenyewe haitoki mbali. Miamba ya Kakontwe iko hapo Likasi, na kwa miaka mingi imekuwa ikichimbwa na kuchomwa kwa ajili ya viwanda vya shaba, ambavyo vinaihitaji kupunguza makali ya asidi yake vyenyewe. Kutoka Kakontwe hadi matuta ya Kapolowe ni safari fupi ya lori. Padri, mchungaji au imamu anayetaka kuhubiri juu ya udongo huu Jumapili au Ijumaa angeweza kuanza kwa kuuliza lori hilo ni la nani, na kwa nini halijapakia.